Boliti Mbili Chini ya Tangi

Chombo kilichokufa kabisa hakina hila. Unakipiga kiki hadi jasho likutoke, hakiwaki, basi unajua shida imekaa palepale inakungoja: utafungua, utapima, utaiona. Kinachomaliza fedha za watu ni chombo kinachozima saa saba mchana katikati ya mlima, kisha saa saba na nusu kikawaka kama hakikuwa na neno. Mafundi husema "inakata moto," na wakishasema hivyo mkono huenda wenyewe kwenye plagi.

Kisa ninachokileta ni cha pikipiki ya Kiomboi, wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Waliohusika nitawaita kwa kazi zao tu: Mwalimu, mjomba wake, fundi, na binti anayetengeneza simu Shelui. Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 175 ya miaka ya 1970, mzawa wa ukoo ulioanza na DT-1 mwaka 1968. Ni injini ya tu-stroki: haina valvu kichwani mwa injini, oili ina tangi lake na pampu yake, na ikipita utaijua kwa mlio mwembamba na moshi wa buluu kabla hujaiona. Bodaboda wa leo waliozaliwa juu ya Boxer na TVS huitazama kama watu wanavyotazama redio ya mbao. Lakini wakati njia za vijijini zilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, pikipiki za aina hii ndizo zilizowafikisha mabwana shamba, mapadri na wachungaji mahali ambapo gari lingelala.

Mjomba alikuwa bwana shamba. Aliinunua kwenye mnada wa mali chakavu za serikali, akaitumia mpaka magoti yakakataa kupiga kiki, kisha akaiegesha stoo. Kuku wakataga juu ya kiti chake. Mpwa wake, mwalimu wa sekondari, alipoiomba, mzee hakufikiri mara mbili.

"Chukua, mjomba. Ila usiifundishe mambo mapya."

Mwalimu alicheka. Alikuwa na mambo mapya tele kichwani. Aliifungua yote hadi ikabaki fremu tupu, akaisugua kwa msasa, akatafuta mpiga rangi. Mtu wa Singida anajua kupiga rangi nje si kazi ya saa yoyote. Upepo wa mkoa huu ukishaamka, unakuletea vumbi la wilaya nzima na kulibandika juu ya kazi yako. Kwa hiyo walipiga alfajiri, koti juu ya koti. Fremu ikawa nyeusi inayong'aa mpaka ndani ya matundu ya boliti. Mabano ya kushikia injini yakapigwa rangi. Kipande cha chuma chini ya tangi, kinachoshikilia koili kwa boliti mbili, nacho kikapigwa rangi, na kwa kweli kilipendeza. Waya zote zilizokuwa zimefungwafungwa kwa teipu zikaondolewa, zikaingia mpya, zikafichwa ndani ya mpira mweusi. Takataka zikajaza mfuko wa salfeti: boliti zenye kutu, mpira uliopasuka, vipande vya waya visivyoeleweka vilikuwa na kazi gani. Mfuko ukatupwa.

Hapo ndipo kisa kilipoanzia, ingawa pikipiki ilikaa wiki kadhaa inatembea vizuri na watu kuipiga picha.

Kabla ya kwenda mlimani, tuangalie moto wa pikipiki hii unatokaje, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana kama mkosi. Toleo hili halitegemei betri kupata cheche. Upande wa kushoto wa injini kuna gurudumu lenye sumaku, nalo huzunguka juu ya koili ndogo na kuzalisha umeme. Platini, ambazo ni vidonge viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, huachana katika nukta moja ya mzunguko. Mwachano wake haufiki hata nusu milimita. Kondensa hukaa kando yake ili cheche isile vidonge hivyo. Umeme ukikatwa ghafla pale, msukumo wake hupanda kwa waya hadi kwenye koili kubwa chini ya tangi, na koili hiyo huukuza kuwa volti maelfu, ukaruka kwenye plagi. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, hayo yote hutokea mara 100 kila sekunde.

Mambo mawili hapa ni ya kushika. Kwanza, umeme uliokwenda lazima urudi. Koili ile ina waya mmoja tu wa kuleta msukumo. Njia ya kurudi haina waya, ni chuma cha koili yenyewe, kupitia boliti zake mbili, kuingia kwenye fremu, na kutoka kwenye fremu kurudi kwenye injini. Mafundi huiita ethi. Pili, katika mfumo wa magneto kuzima hakufanywi kwa kukata umeme bali kwa kuumwaga. Ukigeuza ufunguo, waya wa kuzimia hugusishwa kwenye chuma, msukumo unamwagikia huko badala ya kwenda kwenye koili, injini inanyamaza. Kwa hiyo waya wa kuzimia ukichunika popote na kugusa fremu, pikipiki itazima ufunguo ukiwa wazi. Na ukikatika, pikipiki haitazimika kwa ufunguo kamwe. Nusu ya kisa hiki imelala katika sentensi hiyo ya mwisho.

Mwalimu alikuwa na shamba la mpunga upande wa bonde la Wembere. Kutoka Kiomboi unakwenda Misigiri, unashika barabara kuu, unateremka mlima Sekenke, unaingia Shelui. Sekenke ndiko Wajerumani walikochimba dhahabu, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, dhahabu hiyo ikafuliwa Tabora kuwa sarafu za rupia 15. Leo msafiri haikumbuki dhahabu. Anakumbuka kona na malori yanayopanda kwa kunguruma. Pikipiki iliteremka Sekenke bila shida. Iliporudi, na gunia limefungwa nyuma, ikazima kwenye mwinuko. Haikukohoa wala haikupunguza nguvu pole pole. Ilikatika kama taa.

Mwalimu aliisukuma pembeni, akailaza kwenye stendi, akavutavuta waya mbili tatu, akafungua kifuniko cha tangi na kukifunga. Akanywa maji. Baada ya muda akapiga kiki, ikawaka mara ya kwanza. Akafika nyumbani.

Alichomweleza fundi kesho yake ni hiki: ikipata joto inazima, ikipoa inawaka. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, na ndiyo yaliyopotosha kila kitu. Hakuwa ameona joto. Aliona mlima, mchana na mapumziko, akaunganisha mwenyewe. Lakini kwenye mlima kuna mambo mengine zaidi ya joto: kuna mtikisiko wa injini inayovuta mzigo, kuna fremu inayojipinda kidogo, kuna gunia linalorukaruka nyuma. Na katika mapumziko kulikuwa na mikono yake iliyovutavuta waya. Kati ya hayo yote alichagua joto, kwa sababu joto ndilo alilolihisi usoni.

Fundi alipokea neno joto na kwenda nalo. Pikipiki iliwaka vizuri mbele yake. Alitoa plagi, akaigusisha kichwani mwa injini, akapiga kiki, cheche ikaonekana. Nami sina budi kusema kwamba kipimo hicho kilikuwa sahihi kabisa kwa pikipiki isiyoumwa. Plagi ikiwa nje, katika hewa ya kawaida, inahitaji nguvu ndogo kurusha cheche. Ikiwa ndani, hewa imebanwa na pistoni, inahitaji nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana mafundi wa zamani hawakuridhika na cheche ya kwenye meno ya plagi. Walitaka kuiona ikiruka milimita sita hewani. Na hata hiyo ingemwambia fundi jambo moja tu: kwamba saa ile, pale gereji, shida haikuwepo.

Akabadilisha plagi. Siku kadhaa zikapita salama, kisha ikazima tena Sekenke. Akafungua magneto, akabadilisha platini na kondensa. Hapo alikuwa na hoja, kwa maana kondensa mbovu kweli hufanya hivyo, hupima vizuri ikiwa baridi na kulegea ikipata moto. Pikipiki ikakaa vizuri kwa muda, ikazima. Akabadilisha koili. Hii ndiyo iliyomfurahisha kila mtu, kwa sababu baada ya koili mpya pikipiki ilitembea karibu mwezi mzima. Fundi akaitangaza koili ya zamani kuwa mwizi aliyekamatwa, akaiweka juu ya rafu, akalipwa, na kwa haki akastahili kushukuriwa.

Mwezi ulipokwisha, ikazima.

Fikiri alichokifanya alipobadilisha koili. Alilegeza boliti mbili zilizopita kwenye chuma chenye rangi. Alizitoa, akazirudisha, akazikaza. Katika kuzungusha, meno ya boliti yalikwangua rangi mpya ndani ya tundu, chuma kikagusa chuma, umeme ukapata njia ya kurudi. Mtikisiko wa barabara ulipoanza tena kazi yake, na kutu nyembamba ilipotanda kwenye mkwaruzo ule, njia ikafunga. Mara nyingine cheche ndogo iliruka penye ufa wa rangi na pikipiki ikaendelea. Mara nyingine haikuruka. Sifa ya mwezi ule mzuri ilikwenda kwa kipuri kipya, na kazi ilifanywa na spana. Hata plagi ilipobadilishwa, hata magneto ilipofunguliwa, tangi lilitikiswa, waya ukavutwa, koili ikasogea kidogo mahali pake. Kila tiba ilitibu kwa sababu ya kugusa.

Kipo kipimo kimoja cha kuumbua tiba ya namna hiyo, na sijaona gereji inayokipenda: rudisha kipuri cha zamani. Ukibadilisha koili pikipiki ikapona, irudishe ile uliyoitoa. Kama ugonjwa unarudi nayo, umempata mwenyewe. Kama pikipiki inaendelea kuwaka na koili "mbovu," basi hukutibu kwa koili. Inachukua dakika chache. Lakini nani atafungua tena kitu kilichopona, tena mbele ya mwenye mali aliyekwisha kutoa pochi?

Sitamlaumu fundi peke yake. Gereji zetu zina bei ya kipuri na bei ya kufunga. Hazina bei ya kutafuta. Fundi akikaa saa tatu anapima, akapata waya umelegea, akaukaza, mteja atasema "Si umekaza waya tu?" na kumpa hela ya soda. Akibadilisha koili bila kupima, mteja anaiona koili, anaishika, analipa. Tunanunua kubahatisha, tukiletewa kubahatisha tunalalamika. Wakati wa mjomba mambo yalikuwa mengine kwa sababu ya shida tu, si kwa sababu watu walikuwa na akili kutuzidi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vipuri viliadimika hadi plagi ikawa ya kusafishwa kwa brashi ya waya na kurudishwa, mwaka baada ya mwaka. Asiye na koili ya pili halazimiki kuambiwa apime kwanza.

Na wala si shida ya Iramba. Mwaka uleule wa 1968 ilipotoa DT-1, Yamaha ilianza pia kuuza pikipiki za theluji, zile zenye ski mbele na mkanda nyuma, ikiingia katika soko ambalo Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alikuwa amelifungua kwa Ski-Doo mwaka 1959. Wako watu Kanada na kaskazini mwa Marekani wanaofufua vyombo hivyo vya kale kwa mapenzi yaleyale ya Mwalimu. Ndani mna tu-stroki, mna magneto, platini, kondensa, koili iliyofungwa kwa boliti kwenye chuma, na waya wa kuzimia. Nao hupiga rangi kila kinachoweza kushika rangi. Nao husimulia chombo kinachowaka vizuri bandani na kuzima katikati ya msitu. Tofauti ni kwamba aliyezimikiwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri anaweza asirudi. Wa Sekenke atanunua muwa na kungoja lori.

Baada ya koili kushindwa, fundi alifanya jambo ambalo lingekuwa la busara kama angelimaliza. Alishuku waya wa kuzimia. Akauchomoa penye maungio yake chini ya tangi, ili kama unachunika mahali na kumwaga umeme, usiweze tena. Ni kipimo kizuri, cha kwanza kabisa katika mfumo wa magneto, na hakigharimu kitu. Katika kuingiza mkono, bila shaka, aliisogeza koili. Pikipiki ikapona. Safari hii hata fundi mwenyewe aliamini. Swichi ndiyo ilikuwa mbovu, ataiagiza. Mwalimu akafundishwa kuzima kwa kuingiza gia, kushika breki na kuachia klachi. Akazoea. Swichi haikuagizwa.

Katika msako huohuo kabureta ilikuwa imetolewa na kurudishwa mara nyingi, na kamba ya mafuta ikapitishwa upande usio wake, kati ya tangi na shingo ya usukani. Ukinyoosha usukani, haina neno. Ukikata kona kali kushoto, inavutwa.

Aliyelipia si Mwalimu. Ni mdogo wake, kijana aliyetumwa Shelui siku ya soko, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia habari ya ufunguo. Aliingia sokoni taratibu, akakata kona kushoto kupisha mkokoteni, injini ikapiga kelele na pikipiki ikaruka mbele. Alifanya alichofundishwa na kila pikipiki aliyowahi kuipanda: aligeuza ufunguo. Haikuzima. Angebana klachi ingeishia kelele, lakini mkono wa kushoto haukuwa na wazo hilo. Ulikuwa umeng'ang'ania usukani. Alipita juu ya magunia ya vitunguu, akagonga nguzo ya kibanda, akaanguka nayo. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Mama mwenye vitunguu aliruka kwa bahati. Klachi haikubanwa na mtu, ndiyo maana injini ilijizima yenyewe ilipokwama kwenye nguzo.

Ukiangalia vizuri, ugonjwa wa pikipiki ile, kwa miezi yote, ulikuwa haujamtoa mtu damu. Ulimchosha Mwalimu na kumla fedha. Kilichovunja mfupa ni vipimo viwili vilivyoachwa nusu: waya uliochomolewa kuchunguzwa usirudishwe, na kamba iliyotolewa kuchunguzwa ikarudishwa ovyo. Nimewahi kuona kwenye karakana za reli fundi akifunga kitambaa chekundu penye kitu alichokichomoa, ili asiweze kukifunika bila kukiona. Kitambaa hicho kingetosha.

Pikipiki iliinuliwa na kuegemezwa kwenye kibanda cha jirani, cha binti anayetengeneza simu. Mwalimu alipofika jioni kutoka zahanati, aliinyoosha usukani, akaipiga kiki, ikawaka. Akaisogeza hatua chache kuielekeza barabarani. Ikazima mbele ya meza ya yule binti.

Aliinama kufanya alichozoea, kuvuta waya.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, usiiguse."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Imezima sasa hivi. Ukiigusa itawaka, halafu hutajua ilizimia nini. Simu nazo zinafanya hivyo. Mteja anakuja anasema inajizima, nikiifungua inawaka. Siku hizi ninangoja izime mezani kwangu."

"Unaijua pikipiki?"

"Siijui. Ninajua umeme ukienda lazima urudi. Huu unarudi wapi?"

Mwalimu, ambaye kwa haki ya kazi yake alikuwa anafundisha fizikia, akaanza kujibu na kunyamaza katikati. Alijua jibu darasani. Hakuwahi kujiuliza swali hilo akiwa juu ya pikipiki yake.

Binti alichukua mita. Jambo alilolifanya kwanza ndilo lililonionyesha kwamba anajua kazi: aliutenganisha polepole waya unaoleta msukumo kwenye koili. Asingeutenganisha, mita ingepitia ndani ya koili, ikashuka kwa waya huo hadi kwenye magneto na kurudi kwenye injini, ikasoma omu mbili tatu na kudanganya kwamba ethi ni nzima. Njia ya pembeni imewadanganya wengi wenye mita nzuri. Alipoiondoa, akagusa ncha moja ya mita kwenye chuma cha koili penye sehemu tupu, na nyingine kwenye pezi la silinda. Mita haikusoma kitu. Akagonga fremu kidogo kwa mpini wa bisibisi. Tarakimu zikaruka, zikapotea. Akagonga tena, zikatokea nyingine tofauti kabisa.

Akarudisha waya wa magneto. Akachukua waya wake wenye vibanio viwili, anaotumia kupimia chaja, akabana upande mmoja kwenye koili na mwingine kwenye boliti ya injini. "Piga." Ikawaka. Akabandua kibanio injini ikiwa inanguruma. Ikazima papo hapo. Akabana, Mwalimu akapiga, ikawaka. Akabandua, ikazima. Watu walikuwa wameshakusanyika, na mmoja akataka kununua ule waya.

Angeweza kuishia hapo na angekuwa amethibitisha zaidi ya wote waliomtangulia, maana yeye aliuleta ugonjwa na kuuondoa kwa hiari yake mwenyewe. Lakini aliuliza swali jingine: "Na mbona ufunguo hauzimi?" Akafuata waya kwa kidole mpaka penye maungio yaliyochomolewa. Alipima swichi: nzima. Alipima waya wa kuzimia mpaka kwenye swichi huku akiutikisa: mzima, haujachunika popote. Akaurudisha. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu pikipiki ikazimwa kwa ufunguo. Kamba ya mafuta hakuigusa. Alisema tu kwamba inaonekana imebanwa, amwite mtu wa pikipiki. Napenda sana hapo. Alijua kazi yake inaishia wapi.

Mwalimu alikwenda kwa mjomba wake kumpa habari za kijana na za pikipiki. Mzee alisikiliza habari ya kijana kwa makini, akauliza mfupa umefungwaje, nani anamlisha. Kisha ikaja ya pikipiki: rangi, boliti, ethi.

"Na ule waya wangu mmeupeleka wapi?"

"Waya gani, mjomba?"

Ulikuwa mweusi, mnene, umefungwa teipu, unatoka kwenye koili mpaka kwenye boliti ya injini. Aliuweka mwenyewe wakati boliti zile zilipoanza kula kutu, baada ya kuzimikiwa njiani mara nyingi hadi wakulima wakamzoea. Ulikuwa na sura mbaya, akakiri. Mwalimu aliukumbuka. Aliuona siku ile ya kufungua, hakuelewa unafanya nini, na kwa kuwa haukuwemo kwenye mchoro wa kiwanda aliuweka kwenye mfuko wa salfeti. Hakumuuliza mzee, ambaye alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, anakunywa uji.

Hapo kila afufuaye chombo cha kale asimame kidogo. Chombo kilichotumika miaka mingi vijijini si kile kilichotoka kiwandani. Kimeongezwa na kupunguzwa na watu waliokuwa na shida halisi, na marekebisho yao hayapendezi. Kati ya vipande hivyo vibaya baadhi ni upuuzi, vya kutupwa. Baadhi ndivyo vilivyokuwa vinakitembeza. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Unaweza tu kumuuliza aliyevifunga, au kama hayupo, kuvichora na kuvihifadhi hadi ujue. Picha ya simu kabla ya kufungua boliti ya kwanza haigharimu kitu, na Mwalimu alipiga nyingi, ila za baada ya rangi.

Boliti mbili zilitolewa, rangi ikakwanguliwa hadi chuma kikaonekana, pande zote mbili na penye mabano ya injini pia. Grisi ikapakwa juu baada ya kukaza, kuzuia kutu. Waya mpya wa ethi ukafungwa, mnene, wenye vichwa vya kubana badala ya kusokotwa. Ni wa kijani, unaonekana kutoka mbali, unaharibu kabisa mandhari ya tangi. Kamba ya mafuta ikapitishwa njia yake, na usukani ukazungushwa kushoto na kulia injini ikiwa inawaka, kusikiliza kama mlio unabadilika. Mama wa vitunguu alilipwa magunia yake. Suala la nani agharimie mtulinga lilipelekwa kwa wazee na likachukua vikao viwili. Fundi alikubali sehemu yake ya kamba na waya, akakataa ya rangi.

Ile koili ya kwanza, iliyotolewa ikaitwa mbovu na kuwekwa rafuni, fundi alikuwa ameshamfungia padri mmoja mwenye DT kama ile. Inatembea hadi leo.